AKIRUDI KUTOKA NG'AMBO, NI NANI ANAMWULIZA?

Siku ya tatu ya matanga, waombolezaji wakiwa wamepungua na mazungumzo yamekwisha kuhama kutoka kwa marehemu na kuingia katika bei ya mchele, kijana mmoja aliitwa mbele ya wazee waliokuwa wameketi chini ya mwembe. Hapo ni Ujiji, katika mtaa ambao sina haja ya kuutaja. Kijana huyo ni mtoto wa dada yangu kwa upande wa mama mkubwa. Ana umri wa miaka 17, na majuma matatu tu yaliyotangulia alikuwa amerejea kutoka Marekani, alikokaa mwaka mzima wa masomo chini ya mmojawapo wa mipango ile ya kubadilishana wanafunzi wa sekondari. Aliwaamkia wazee, akaketi ukingoni mwa mkeka.

Mzee wa kwanza alimwuliza kama gari lake linakuja kwa meli au kwa treni. Wa pili akataka kujua kama saa aliyovaa ni ya dhahabu. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kwa haki nilimtegemea aulize jambo la maana, alimtaka aseme maneno machache "kama wanavyosema wenyewe puani." Kijana akasema, watu wakacheka, kisha akatumwa kuwaletea wageni maji ya kunawa. Mwaka mzima wa mtoto wetu ugenini ulikuwa umekwisha kuzungumzwa, na kahawa yangu ilikuwa haijapoa.

Nakiri kwamba nami nilicheka pamoja nao. Ilikuwa jioni, nilipomkuta peke yake ufukoni akiwatazama wavuvi wakitayarisha taa za kwenda kuvulia dagaa, ndipo nilipoona haya na kumwomba anieleze. Tulikaa pale mpaka taa zile zikawa mbali ziwani, mstari mrefu kama mji mwingine upande wa Kongo.

Alinieleza kwanza kwamba wale watu si matajiri kama tunavyodhani. Alikaa katika mji mdogo wa wakulima wa mahindi katika jimbo la Iowa. Baba mwenye nyumba aliendesha lori la nafaka, na mama alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mpango ule humtaka kila mwanafunzi atumikie jamii anamokaa bila malipo. Kwa hiyo kila Jumamosi kijana alikwenda na mama huyo kuwasomea wazee magazeti. Mmoja wao alikuwa na watoto watatu waliokaa jimbo lile lile, nao walikuja kumtazama Krismasi. "Mjomba, nilikuwa namsomea habari za besiboli ambazo mimi mwenyewe sizielewi, naye analala. Nikiacha kusoma anaamka." Alisema jambo hilo bila dharau. Hakurudi na wimbo ule wa kwamba Wazungu hawana utu, wala ule mwingine wa kwamba huko ndiko kwenye watu. Alikuwa amewaona watu, basi.

Jambo la pili lilihusu darasa. Mwanafunzi mmoja alimwuliza mwalimu wa historia swali, na mwalimu akajibu kwamba hajui. Kesho yake alikuja na jibu na kitabu alichokipata jibu hilo, akamshukuru mwanafunzi mbele ya wenzake. Kijana wetu alikuwa amengoja kuona darasa likimdharau mwalimu yule. Halikumdharau. Nawaomba ndugu zangu walimu wasikimbilie kusema kwamba mambo hayo huwezekana penye wanafunzi 20 tu darasani. Wingi wa watoto madarasani mwetu ni mzigo mkubwa, tena wa kweli, lakini neno "sijui" halihitaji dawati.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Aliambiwa atayarishe mazungumzo juu ya kwao. Alifikiri ataeleza habari za Ziwa Tanganyika, na alipokaa kuandika akagundua kwamba hana la kuandika. Alikuwa ameliogelea ziwa hilo tangu utoto wake, amekula migebuka yake, amevuka kwa mtumbwi mara nyingi, wala hakujua kina chake. Alikwenda katika maktaba ya shule ile, katikati ya mashamba ya mahindi, na huko ndiko alikosoma kwamba ziwa lake lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachokaribia mita 1,470. Kwamba katika maziwa yote ya dunia ni moja tu, Baikal la Urusi, linalolipita kwa kina. Kwamba linamilikiwa na nchi nne, na kwamba lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote. Alipomaliza kulieleza, darasa lilikaa kimya. Kisha msichana mmoja akauliza kama Kigoma kuna shule. "Nilimwambia zipo. Lakini, mjomba, nilijiuliza mbona habari hizi sikuzipata huko."

Ndugu msomaji, kama kuna mkaguzi wa elimu aliyewahi kuandika juu ya mkoa wa Kigoma sentensi yenye uzito kuliko hiyo, mimi sijaisoma.

Tena kijana huyu alikaribia kutokwenda kabisa. Habari za nafasi hizi huzunguka Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Zikifika kwetu, mara nyingi tarehe ya mwisho imepita. Aliipata kwa sababu mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa likizoni Dar es Salaam, akaliona tangazo na kulinakili kwa mkono. Ilipofika zamu ya pasipoti, ofisi moja ilimrudisha mara nne na kumwuliza babu wa baba yake alizaliwa wapi. Alizaliwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, kama walivyozaliwa mababu wa nusu ya mji wa Ujiji, katika siku ambazo mpaka huo haujachorwa na mtu yeyote. Ofisa ana wajibu wa kuuliza, na mkoa unaopakana na Burundi na Kongo una sababu zake za kuwa macho. Lakini kuna tofauti kati ya kuuliza ili ujue na kuuliza ili mtu achoke arudi nyumbani.

Alikwenda, akarudi. Sasa tazama alivyopokewa. Aliondoka mwezi Agosti akiwa Kidato cha Tatu, akarejea Juni. Wenzake walikuwa Kidato cha Nne, mtihani wa taifa uko Novemba. Shule ilimwambia kwamba mwaka ule haumo katika daftari la mahudhurio, kwa hiyo ahesabiwe kama mtoro aliyeomba kurudi. Aanze tena Kidato cha Tatu Januari. Silaumu mtihani wa taifa, na wala siombi mtoto yeyote aurukie kwa sababu amepanda ndege. Muhtasari wa masomo ya wenzetu si wetu, na aliyekosa Kiswahili na uraia kwa mwaka mzima hana budi kuvirudia. Kinachonikera ni lile neno mtoro. Kati ya Juni na Januari kulikuwa na miezi sita mizima, na katika miezi hiyo hakuna mwalimu aliyemwita asimame mbele ya darasa walau kipindi kimoja. Huko ugenini, juma la pili tu, walikwisha kumwomba aeleze habari za kwao.

Pwani hii ya ziwa inajua sana habari za vijana wanaochukuliwa kwenda mbali. Mwaka 1871, huko Unyanyembe, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa Stanley mtoto mtumwa aitwaye Ndugu M'hali. Stanley alimbadilisha jina akamwita Kalulu, akaja naye mpaka Ujiji mwezi wa Novemba mwaka ule alipomkuta Livingstone. Kisha akampeleka Ulaya na Marekani. Mtoto alivalishwa, akapigwa picha, akachongewa sanamu ya nta London, akatiwa shule kwa miezi 18 hivi. Mwaka 1873 Stanley alitoa hadithi ya kubuni yenye jina lake, na mwaka 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone katika Westminster Abbey. Kwa hesabu za siku hizi tungesema amepata bahati ambayo watoto elfu hawaipati.

Stanley aliporudi tena Afrika alirudi naye. Mwaka 1876 msafara ulifika ziwani na kuvuka, na hapo ndipo Kalulu alipotoroka. Alitafutwa, akakamatwa, akarudishwa msafarani. Mwezi wa Machi 1877 alizama katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa bado kijana mbichi, na Stanley akayapa maporomoko yale jina lake. Nimesoma habari zake mara nyingi, na kila mara nakwama hapo ziwani. Kijana aliyekwisha kuiona London na New York alifika kwenye maji haya akachagua kukimbia. Alikusudia kwenda kwa nani? Waliomshika hawakuona haja ya kutuandikia jibu lake. Walihifadhi sanamu yake na jina lake, lile walilompa wao.

Yupo mwingine ambaye habari zake zilikwenda vingine. Adrian Atiman alizaliwa mbali na hapa, katika nchi za mto Niger karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa, kisha akanunuliwa na Mapadri Weupe wakamlea Aljeria. Kutoka huko alipelekwa kisiwa cha Malta, ambako Kardinali Lavigerie alifungua mwaka 1881 chuo cha kuwafundisha utabibu vijana Waafrika. Naye hakuulizwa kama anataka; hilo lisisahaulike tunapomsifu. Lakini mwaka 1889 alifika Karema, kusini kwetu kwenye ufuko huu huu, sasa katika mkoa wa Katavi, na hapo akakuta wagonjwa wanamngoja. Alitibu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Utawala wa Mjerumani ulimkuta, ukaondoka. Wa Mwingereza ukaja, naye alikuwa bado anafunga vidonda vya watu wa Karema. Alichojifunza Malta kilikuwa na mahali pa kukaa.

Sisemi kwamba Atiman alikuwa na akili kuliko Kalulu. Hatuwezi kujua. Nasema kwamba mmoja alirudishwa kama mzigo wa bwana wake, na mwingine alifika mahali ambapo kulikuwa na kazi yenye umbo la mafunzo yake.

Kuna mfano wa tatu, nao umegeuzwa: vijana wa ng'ambo waliokuja kujifunza kwetu. Jane Goodall aliteremka Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, bila shahada yoyote. Kufikia miaka ya 1970 kituo chake kilikuwa kimejaa wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi watatu wa Stanford na mtafiti kijana wa Kiholanzi. Wote walirudi salama baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe. Wengi wangedhani kazi imekufa siku hiyo. Haikufa, kwa sababu madaftari yalikuwa mikononi mwa watu wa pwani hii, akina Hilali Matama na wenzao, ambao walikwisha kufundishwa kumfuata sokwe tangu alfajiri mpaka anapotandika tundu lake la kulalia, na kuandika, kwa Kiswahili, anachokifanya. Wageni walikwenda, maandishi yakaendelea. Leo mataalamu wa dunia nzima wanakula matunda ya kumbukumbu zile. Siri yake si kubwa: kuna mtu alimpa mwenyeji daftari, kisha akalisoma.

Wapo watakaosema kwamba mipango hii ya kubadilishana wanafunzi ni ujanja wa mataifa makubwa wa kututilia watoto kasumba. Ni kweli kwamba wanaoianzisha wana makusudi yao, nao hawayafichi. Mpango wa Kennedy na Lugar, ambao vijana wa Tanzania wamo miongoni mwa walioupitia, ulianzishwa mwaka 2002 na Bunge la Marekani baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, ili vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakae na familia za Kimarekani na kujuana nazo. Serikali ile iliona ina jambo la kupata kwa kulisha na kusomesha watoto wa watu wengine mwaka mzima. Swali ni sisi tunapata nini, na jibu lake haliwezi kutafutwa Washington. Mtoto anayerudi kwao akakosa wa kuzungumza naye atazungumza na wale waliomsikiliza. Tukitaka kuona kasumba inavyopikwa, tutazame chini ya mwembe ule.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto wawili watatu, na makala ya gazeti yangefaa kuzungumzia madawati. Nimeyazungumzia madawati mara nyingi na nitayazungumzia tena. Lakini mtoto mmoja aliyesomeshwa ng'ambo kwa gharama ya wengine, akarudi kwa hiari yake, ni mali ambayo hatukuitolea senti. Ni uzembe wa namna ya peke yake kuitupa mali ya bure.

Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali na kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huo tumeukariri sana, na tumewasuta nao wengi waliobaki ng'ambo, baadhi yao kwa haki. Lakini hatujauliza habari za yule anayerudi. Anaingia kijijini jioni na mzigo kichwani, anabisha hodi nyumba hadi nyumba, na kila mlango anaulizwa kama viatu vyake ni vya ngozi. Huyo naye tumwite nani?

Ninayoyaomba ni madogo, tena hayangoji waraka kutoka wizarani. Ofisa elimu wa wilaya ajue kwa majina ni vijana gani wa wilaya yake waliokwenda masomoni nje, na tarehe ya kurejea kwao, kama ajuavyo tarehe ya mitihani. Mkuu wa shule ampokee kijana ofisini, amkalishe kitini, amsikilize saa nzima. Kisha ampe daftari aandike kwa Kiswahili alichokiona: shule ile inavyoendeshwa, wazee wanavyotunzwa au kutupwa, mahindi yanavyohifadhiwa, hata aliyotukanwa na jinsi alivyojibu. Daftari hilo liwekwe katika maktaba, na pasipo na maktaba, katika kabati la ofisi, ambamo atakayefuata atalikuta. Na kabla mtoto hajaondoka, afundishwe habari za kwao. Haifai kijana wa Kigoma akajulie Iowa kina cha Ziwa Tanganyika.

Kwa upande wangu nimejaribu kidogo. Nilimnunulia daftari la kurasa 200 katika duka moja la Mwanga, naye amekwisha kujaza kama theluthi. Mwandiko wake ni mbaya. Mwalimu yule wa Kiingereza aliyenakili tangazo amelisoma, na ameomba vipindi viwili vya Ijumaa.

Nimalizie na mtu aliyetutangulia sote. Usiku ule wa matanga, baada ya sisi kurudi kutoka ufukoni, bibi yake kijana, ambaye hajafika mbali zaidi ya Kasulu na hajui kusoma, alimwita jikoni akamwuliza swali moja.

"Mjukuu wangu, Ramadhani ilikukuta huko huko. Nani alikuwa anakuamsha daku?"

Kijana akasema ni yule mama muuguzi. Mama yule ni Mkristo, na mwezi ule baridi ilikuwa bado haijaisha, lakini alitega saa kila usiku, akashuka kumpashia chakula, akakaa naye mezani mpaka amalize, kisha akaenda kazini.

Bibi alikaa kimya kwa muda, akikoroga mawese. Kisha akauliza kama mama huyo ameandikiwa kwamba mtoto amefika salama. Kijana akakiri kwamba hakufanya hivyo. Kuna msiba, kuna habari za shule, siku zimepita. Bibi aligeuka akanitazama mimi, msomi wa ukoo, niliyekuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi.

"Haya, andika," akasema. "Mwambie mtoto tumempokea."